Hodi Inapigwa Mlango wa Nani? Faragha Mtandaoni na Hoja ya Kumiliki Seva Yako

Mwezi Februari 2021, baba mmoja wa San Francisco, Marekani, aliona kuwa mwanawe mdogo wa kiume amevimba sehemu za siri. Ulikuwa wakati wa korona, madaktari waliwaona wagonjwa kwa video, na muuguzi akawaomba wazazi watume picha kabla ya miadi. Baba akapiga picha kwa simu yake, daktari akaziona, mtoto akaandikiwa dawa na akapona. Picha zile, hata hivyo, hazikuishia kwa daktari. Simu ilikuwa imewekwa katika hali ya kunakili kila picha na kuipeleka kwenye hifadhi ya Google, na huko mtambo unaokagua picha ukazihesabu kuwa unyanyasaji wa mtoto. Siku mbili baadaye akaunti yake ilifungwa. Barua pepe za miaka mingi, orodha ya watu wake, picha za mtoto tangu azaliwe, hata namba ya simu, kwa kuwa laini nayo ilikuwa ya kampuni hiyohiyo, vyote vikaondoka kwa mkupuo mmoja. Gazeti la The New York Times lilipoeleza kisa hicho Agosti 2022, polisi walikuwa wameshafunga jalada kwa kuona kwamba hakuna kosa, lakini akaunti ilikuwa haijarudishwa.

Wengi waliokisoma kisa kile walibishana kuhusu mtambo kukosea. Mimi kilichonikaa kichwani ni bahasha. Desemba 2021, miezi 10 baada ya picha, baba yule alipokea bahasha ya polisi yenye nakala za hati za upekuzi, na ndipo alipojua kwamba walikuwa wameomba wapewe kila alichokitafuta mtandaoni, mahali alipopita, ujumbe wake, picha zake na nyaraka zake. Hati hizo zilikuwa zimepelekwa kwa Google na kwa kampuni iliyokuwa ikimpa intaneti. Mpelelezi alijaribu kumtafuta asimpate, maana simu na barua pepe zilikuwa tayari zimekatwa. Mtu akapekuliwa mwanzo hadi mwisho bila hodi kusikika kwake, kwa sababu nyumba iliyokuwa na vitu vyake haikuwa yake.

Hapo ndipo ilipo hoja ya kumiliki seva, yaani kompyuta yako mwenyewe ya kutunzia vitu vyako vya mtandaoni, na ni vizuri ielezwe hivyo tangu mwanzo, kwa sababu kwa kawaida huelezwa vibaya. Husemwa kwamba seva yako mwenyewe inakuficha. Haikufichi. Kinachobadilika ni mlango unaopigiwa hodi. Watu huchanganya siri na faragha: siri ni jambo ambalo hutaki lijulikane kabisa, ilhali faragha ni uwezo wa kujua nani amekuja, na kumwomba asubiri barazani mpaka ajieleze shida yake. Mwenye kufunga mlango wa chumba chake halazimiki kuwa na cha kuficha ndani.

Neno wingu, tunaloliitia hifadhi ya mtandaoni, limechangia mkanganyiko huu, kwani linatufanya tuone kama data zetu zinaelea mahali pasipo na mwenyewe. Wingu lina anwani ya mtaa. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao hawakuwa na nakala nyingine wakagundua asubuhi ile kwamba wingu lao lilikuwa jengo lile. Lina uraia pia. Mwaka 2013 serikali ya Marekani iliitaka Microsoft itoe barua pepe zilizokuwa kwenye seva za Ireland, kampuni ikagoma, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na kabla haijaamuliwa Bunge la Marekani likapitisha, Machi 2018, sheria inayojulikana kama CLOUD Act. Tangu hapo kampuni iliyo chini ya mamlaka ya Marekani ikipewa amri halali hutoa data ilizo nazo, popote zilipohifadhiwa. Amazon ilipofungua vituo vyake Cape Town mwaka 2020, kasi iliongezeka kwa wateja wengi wa upande wetu wa bara, lakini ufunguo ulibaki kwa kampuni ileile, chini ya sheria zilezile. Anayeambiwa kwamba data zake ziko Afrika anapaswa kuuliza ziko mikononi mwa nani.

Kuna anayejibu kwamba dawa ni kuhamia kwa kampuni ndogo yenye msimamo. Jibu hilo lilikwisha kujaribiwa. Ladar Levison alikuwa na huduma ya barua pepe iitwayo Lavabit, mjini Dallas, iliyojengwa kwa makusudi ya kulinda faragha, na kufikia 2013 ilikuwa na wateja wapatao 410,000. Mmoja wao alikuwa Edward Snowden, aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani. Wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walimtaka Levison awape ufunguo wa usimbaji wa huduma yake, yaani ule unaogeuza mawasiliano kuwa maandishi yasiyosomeka na kuyarudisha yakasomeka. Tatizo ni kwamba ufunguo ulikuwa mmoja kwa wote: anayeutumia kumsoma mteja mmoja anaweza kuwasoma wengine wote waliobaki. Levison aliutoa ukiwa umechapwa kwenye karatasi 11, kwa herufi ndogo mno kiasi cha kutosomeka. Mahakama haikucheka. Iliamuru autoe katika umbo la kielektroniki au alipe faini ya dola 5,000 kwa kila siku inayopita. Alitii, na Agosti 8, 2013 akaifunga huduma nzima, huku akiwa amekatazwa kueleza kwa nini. Kwa hiyo hodi ya mtu mmoja ilifungua milango ya watu wote, na wema wa mwenye nyumba haukuweza kuzuia hilo.

Sasa tuje kwenye seva yenyewe, ambayo si dude la ajabu. Kompyuta yoyote inayokaa imewashwa na kujibu maombi ya kompyuta nyingine ni seva. Yangu ni kompyuta ndogo ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini kwa watu, niliyoinunua Kariakoo ikiwa na mikwaruzo, na inakaa juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Asiyetaka kununua hiyo anaweza kutumia Raspberry Pi, kibao cha kompyuta kinacholingana na kadi ya benki, kilichoingia sokoni 2012. Kikiwa na diski yake kinakula takriban wati 7, ambazo kwa mwezi mzima usiku na mchana ni kama uniti 5 za umeme. Juu yake huwekwa programu huria kama Nextcloud, ambayo Frank Karlitschek na wenzake waliianzisha 2016, nayo hutunza picha, nyaraka, kalenda na namba za watu kwa namna ileile ambayo kampuni kubwa hufanya. Vyeti vya kusimba mawasiliano kati ya simu na seva, ambavyo zamani vilinunuliwa kila mwaka, hutolewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa 2015.

Si kila kinachoitwa seva yako, hata hivyo, ni chako kwa kiwango kimoja. Wengi hukodi sehemu ya kompyuta iliyo kwenye kituo cha data cha nje na kusema wana seva. Hilo ni sawa na kupanga chumba: unaweka pazia lako, unafunga kufuli lako, lakini mwenye nyumba ana ufunguo wa akiba, na anaweza kunakili diski yako yote bila wewe kuhisi chochote. Bado ni afadhali kuliko akaunti ya bure, kwa kuwa mwenye nyumba huyo hajengi biashara yake juu ya taarifa zako, na ukigombana naye unahamisha vitu vyako kwingine. Lakini hodi ikipigwa, itaanza kwake.

Kuweka seva nyumbani kunakutana na kizuizi ambacho vitabu vya mwongozo vya Ulaya havikitaji sana. Anwani za IP, yaani namba zinazoitambulisha kompyuta kwenye intaneti, za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, nazo zilikwisha kugawanywa, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama shule ambayo S.L.P. yake moja hutumiwa na walimu wote. Mwalimu akituma barua, jibu litamfikia, kwa sababu karani anakumbuka nani aliandika. Lakini mgeni akiandika kwa sanduku lile bila jina, barua italala kaunta. Ndivyo ilivyo kwa seva iliyounganishwa kwa modemu ya laini ya simu: yenyewe inaweza kutoka nje, ila wa nje hawezi kuifikia. Njia iliyozoeleka ni kukodi seva ndogo nje, isiyohifadhi kitu, kisha seva ya nyumbani yenyewe ijiunganishe nayo kwa njia iliyosimbwa, mathalani kwa WireGuard, programu iliyoingizwa mwaka 2020 ndani ya kiini cha Linux, mfumo huria unaoendesha seva nyingi. Hapo seva ya kukodi inakuwa mlinzi wa geti anayepokea mizigo iliyofungwa na kuipitisha, na ikiwa cheti cha usimbaji kimewekwa nyumbani badala ya kwa mlinzi, yeye haoni kilichomo. Wengi hukosea hapo: huweka cheti getini kwa kuwa ni rahisi, kisha hudhani wamefunga.

Barua pepe ni habari nyingine, na ushauri wangu ni kwamba anayeanza asiiguse. Kwa kanuni ni mfumo ulio wazi kabisa. Jon Postel alipoandika kanuni za kusafirisha barua pepe mwaka 1982, alichukulia kwamba kompyuta yoyote inaweza kuwa posta. Kanuni hizo bado zinafanya kazi. Kilichobadilika ni imani. Kwa sababu ya barua taka, watoa huduma wakubwa hukataa au kutupa pembeni barua zinazotoka kwenye anwani za majumbani, kampuni nyingi za intaneti hufunga kabisa poti 25, yaani mlango wa kompyuta unaotumika kuzituma, na hata ukikodi seva yenye anwani safi utatakiwa kuweka kumbukumbu za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kwenye jina la kikoa chako, yaani jina linalokuja baada ya alama ya @ katika anwani yako, kisha usubiri miezi anwani yako ijenge sifa. Jirani yako wa anwani akituma taka, sifa inaharibika nawe ukiwemo. Mbaya zaidi, barua inayokataliwa mara nyingi haikuambii. Unaandika maombi ya kazi, unasubiri, kumbe mwenzako hajawahi kuyaona.

Tena faragha inayopatikana ni nusu. Mwaka 2014 Benjamin Mako Hill, mtafiti aliyekuwa amejiendeshea seva ya barua pepe kwa zaidi ya miaka 10, alizihesabu barua zake na kukuta kwamba karibu nusu ya barua zake binafsi zilikuwa mikononi mwa Google, kwa sababu tu watu aliowasiliana nao walikuwa huko. Barua ina pande mbili, na wewe unafunga upande mmoja. Ninachopendekeza ni kununua jina la kikoa lako, liwe la .co.tz, .co.ke au jingine, na kulielekeza kwa mtoa huduma unayemlipa. Siku akikuchosha unahama na anwani yako, kama mtu anayehamisha namba ya simu kwenda mtandao mwingine.

Kuna upande wa gharama ambao wapenzi wa jambo hili huupitia haraka, na ambao mimi niliulipia. Usiku wa kwanza nilipoifungua seva yangu kwa intaneti, kabla chai ya asubuhi haijaiva faili la kumbukumbu lilikuwa limejaa watu wasiojulikana wakijaribu nywila kwa majina ya root, admin, test na oracle, mstari baada ya mstari, kila sekunde chache. Hawakuwa wananitafuta mimi. Ni roboti zinazozunguka anwani zote za dunia zikisukuma kila mlango kuona upi umesahauliwa. Kampuni kubwa ina kikosi cha wataalamu wanaokesha kwa ajili hiyo, na mimi nina mimi. Nilizima kabisa kuingia kwa nywila nikaacha ufunguo wa kielektroniki pekee, nikaifunga milango yote isipokuwa ile ya WireGuard, na tangu hapo nimekuwa nikisasisha programu kila Jumamosi, hata ninapokuwa na uvivu. Seva ya nyumbani isiyosasishwa ni hatari kuliko akaunti ya Google. Anayekwambia vinginevyo anauza kitu.

Pigo kubwa halikutoka kwa wezi. Umeme wa LUKU ulikwisha usiku, ukarudi, ukakatika tena, na diski ikafa. Sikuwa na hofu kwa kuwa nilikuwa nimepanga nakala ya akiba ijifanye kila usiku. Nilipoifungua nikakuta ya mwisho ni ya miezi minne nyuma: diski ya pili ilikuwa imejaa, kazi ilikuwa ikishindwa kila siku kimyakimya, na mimi sikuwahi kuiangalia. Picha za harusi ya binamu yangu nilizipata kwa kuombaomba kwenye simu za ndugu. Sasa nina nakala tatu, moja ikiwa kwa rafiki yangu Morogoro, imesimbwa asiweze kuisoma, na kila mwezi nachagua faili moja bila mpango nalirudisha nione kama linafunguka. Nimenunua na betri ya akiba pia.

Tukirudi kwenye hodi, inafaa kusema wazi ambacho seva haiwezi. Kampuni ya intaneti bado inaona unawasiliana na anwani zipi na saa ngapi, hata isipoona yaliyomo. Simu yenyewe bado inajua ulipo, na programu zilizomo bado zinatuma zinachotuma. Mahakama ya nchi unayoishi inaweza kuja kwako na hati halali, nawe utatii. Tofauti ni kwamba utaisoma hati hiyo siku ileile, na unaweza kumpigia wakili. Kwa mazungumzo kuna njia iliyo bora kuliko seva ya nyumbani, nayo ni huduma isiyo na cha kutoa. Mwaka 2016 mahakama ya shirikisho ya Marekani huko Virginia iliitaka Signal, huduma ya ujumbe wa simu, itoe taarifa za mteja, na kilichopatikana kilikuwa tarehe ya kufunguliwa akaunti na siku ya mwisho ilipounganishwa. Ujumbe ulisimbwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, hivyo katikati hapakuwa na ufunguo wa kudaiwa. WhatsApp hutumia usimbaji wa namna hiyohiyo tangu 2016, ila Meta, kampuni inayoimiliki, inajua mengi zaidi kuhusu nani anaongea na nani. Kwa hiyo mimi siendeshi seva ya mazungumzo. Seva yangu inatunza vitu vinavyokaa: picha, vyeti, mikataba, hesabu za nyumba.

Na vitu hivyo si vyangu peke yangu. Nilipomhamishia mdogo wangu picha zake, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo, kaka, sasa Google ndiyo wewe?" Nilicheka, lakini hakuwa anatania. Anayesimamia seva anaweza kufungua kila faili lililomo, na kuna mambo ambayo binti angependelea kampuni ya California iyaone kuliko kaka yake. Nilimwonyesha jinsi ya kusimba folda zake kwenye kompyuta yake kabla hazijanifikia, na ufunguo anao yeye. Sheria nazo zinatofautisha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake, lakini ukiitumia kompyuta ileile kutunza kadi za wagonjwa wa zahanati au ada za wanafunzi, umekuwa mdhibiti wa data kamili. Hapa Tanzania, ambako Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, taasisi ya namna hiyo inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fundi anayeweka seva kwa ajili ya wengine aanze na sheria hiyo kabla ya kununua diski.

Swali lililonisumbua zaidi aliliuliza mke wangu: nisipokuwepo, nani atafungua? Kampuni kubwa ina fomu ya warithi. Mimi nilikuwa na nywila kichwani. Nikaandika maelekezo kurasa nne, nikayatia kwenye bahasha pamoja na ufunguo, nikaiweka kwenye sanduku la bati lenye hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa. Kisha tukakubaliana kuyajaribu. Jumapili moja jioni niliketi barazani, nikiwa nimekatazwa kujibu lolote, naye akaingia ndani na bahasha azirudishe picha kutoka nakala ya akiba. Alikwama ukurasa wa pili, mahali nilipoandika "ingia kwenye seva" bila kueleza unaingiaje. Ukurasa huo nimeuandika upya, na tumepanga jaribio jingine Jumapili ijayo.